Hachi inakataa kuingia kwenye kuta: shida ni AutoCAD au ni ramani yenyewe?

Chipukizi_wa_Ramani

Wakuu, habari za jioni. Nina ramani ya nyumba ya kawaida: vyumba vitatu, sebule, jiko na kibaraza. Nimeichora kwa AutoCAD, programu ya michoro ya ujenzi, kwa milimita, kuta za nje 230, za ndani 150. Nataka kuzijaza kuta hachi (ile mijazo ya mistari) ya ANSI31, yenye mistari ya mshazari, kabla sijampelekea mhandisi. Naandika H, Enter, nabofya katikati ya ukuta, inatafakari weee, mwisho inaniambia haijapata mpaka uliofungwa na kunitolea viduara vyekundu kwenye kona kadhaa. Ukuta wa choo peke yake ndio umekubali, tena umekuwa mweusi tii kama nimeuchagulia SOLID, hachi ya rangi nzima.

Mistari yangu imegusana, naiona kabisa. Nimeifuta programu na kuipakia upya, hola. Mwenye kujua anisaidie, mteja kanikalia kooni.

Rula45

Ndugu, kuipakia upya umejichosha bure, programu ni nzima. Hapo una matatizo mawili na hayahusiani, tusiyachanganye.

La kwanza ni mpaka. Ukibofya ndani ya ukuta, AutoCAD inatafuta mstari ulio karibu, inaufuata mpaka kwenye kona, inageuka na mstari unaofuata, hivyo hivyo mpaka irudi ilikoanzia. Ikikuta kona ambayo mistari imeachana, hata kwa sehemu ya kumi ya milimita, safari imeishia hapo. Wewe unaona imegusana kwa sababu unaitazama nyumba ya mita 12 kwenye kioo cha inchi 15. Vile viduara vyekundu ndivyo vinavyokuonyesha ncha zilizo wazi, kwa hiyo usikimbilie kuviondoa. Vuta karibu kimoja mpaka kona ijae kioo kizima, mwanya utauona mwenyewe.

Kuuziba, usivute ncha kwa kukadiria. Tumia FILLET, bofya mstari wa kwanza, kisha wa pili huku umeshikilia Shift. Itafunga kona kali bila kujali nusu kipenyo ya kuviringa kona uliyoiacha humo mara ya mwisho. Na F3 iwe imewashwa muda wote unapochora kuta, ili mstari unase ncha ya mwenzake. Mistari iliyopitiliza na kukatana haiizuii hachi. Ni uchafu tu. Inayozuia ni mianya.

La pili ni skeli, yaani kiasi cha kupanua au kubana mistari ya hachi, na hapa ndipo ukuta wa choo ulipogeuka mweusi. Fungua faili la acadiso.pat, linalohifadhi aina za hachi, kwa Notepad uitafute ANSI31. Utakuta mstari mmoja tu:

45, 0,0, 0,3.175

Yaani mistari ya nyuzi 45, iliyoachana kwa 3.175. Ukiacha skeli 1 kwenye ramani ya milimita, mistari inaachana milimita tatu na ushee za ukutani. Ukiploti (ukichapisha karatasini) kwa 1:100, nafasi hiyo inakuwa 0.03 mm karatasini, wakati kalamu nyembamba unayoploti nayo ni 0.13. Kalamu ni nene kuliko nafasi, lazima uone weusi. Weka skeli 50: mistari itaachana 158.75 halisi, karibu 1.6 mm kwenye karatasi. Kwa ukuta wako wa 150, ambao karatasini ni milimita moja na nusu tu, mimi ningeshuka hadi 30 hivi. Skeli 100 ambayo watu wanaikariri ni ya sehemu kubwa zilizokatwa. Kwenye ukuta mwembamba utapata kimstari kimoja hapa, kingine kule.

Kalamu_Nne

Mbona mnamzungusha kijana? Andika HPGAPTOL, Enter, weka 20, Enter. Hachi inaruka mianya yote iliyo chini ya hapo, kazi imeisha. Mimi nafanya hivyo miaka yote na vibali vinatoka halmashauri bila swali.

Mama_Vipimo

Kalamu_Nne, vibali vinatoka ni kweli. Halafu ramani inakuja kwangu mkadiriaji wa ujenzi, na hapo ndipo maswali yanapoanza.

Hiyo namba haina milimita wala mita, inafuata vizio vya mchoro. Kwa mtu aliyechora kwa milimita, 20 ni upana wa kidole. Siku akifungua mchoro wa mita na namba ile ile ameiacha, ameiruhusu hachi kuruka mwanya wa mita 20, na AutoCAD inakubali mpaka 5000. Nimeletewa mchoro wa namna hiyo. Hachi ya sakafu ilikuwa imeunganisha ncha kwa mistari ya mshazari, ikakata vipembe vya vyumba, na mlango wa 0.9 ikauhesabu kama ukuta. Kwa macho ilionekana sawa, imejaa vizuri tu.

Kwa nini inaniuma? Kwa sababu ukichagua hachi na kubonyeza Ctrl+1, kwenye jedwali la sifa unapata eneo lake. Ukichagua hachi za vyumba vyote kwa pamoja unapata jumla. Wakadiriaji wengi tunachukua vipimo vya sakafu, plasta na rangi kutoka hapo hapo, hatupigi hesabu ya urefu mara upana chumba kwa chumba. Hachi iliyofunikwa mwanya kwa nguvu inanipa eneo la uongo lenye sura ya ukweli. Na ukiona kwenye jedwali hilo namba ya eneo haipo kabisa, ujue mpaka wake umejikata wenyewe mahali fulani.

Kalamu_Nne

Mama nimekusikia, ila si kila ramani inaenda kwa mkadiriaji. Ya banda la kuku nayo?

Rula45

Ya banda la kuku weka 20 😂

Tukiacha utani, HPGAPTOL ina mahali pake. Unapopokea mchoro wa mtu mwingine uliopitia programu mbili tatu, kona zimeachana kwa 0.0003 kila mahali, na kazi yako ni kuuwekea rangi kwa ajili ya kumwonyesha mteja, weka 1 kwa mchoro wa milimita, maliza, irudishe 0. Kwa ramani unayoichora mwenyewe, ambayo watu watajengea, iache 0 siku zote. Hachi inapokataa inakufanyia ukaguzi ambao hakuna mtu mwingine atakufanyia bure. Ukuta usiokubali hachi ndio huo huo utakaokusumbua ukitaka kupima eneo, ukitaka kuunyanyua uwe umbo la pande tatu, au ukimpa mwenzako aendelee nao. Kuizima sauti hiyo kwa sababu ya haraka naona ni hasara.

Chipukizi_wa_Ramani

Asanteni sana wakuu. Skeli 30 imependeza. Kona zenye viduara nimezifunga kwa FILLET na kweli mianya ilikuwepo, mmoja ulikuwa 0.4. Kuta nyingi zimekubali. Zimebaki ule wa kati ya sebule na korido, na wa nje upande wa jiko. Hizo hazitoi kiduara, inatafuta tu mpaka kompyuta inaganda.

Rula45

Kuganda maana yake kuna vitu vingi mno ndani ya kioo chako. AutoCAD inachambua kila kinachoonekana: makochi, vyoo, vipimo, miti ya bustani. Mambo matatu.

Zima leya (matabaka ya mchoro) zote isipokuwa ya kuta kwa LAYISO. Ukiona leya nyingine zinafifia tu badala ya kupotea, iite tena, andika S, uchague Off, maana leya iliyofifia bado inahesabiwa. Ukimaliza, LAYUNISO inarudisha kila kitu.

Pili, vuta karibu sehemu ile tu unayoijaza, lakini mpaka wote uonekane. Mpaka ukiwa nusu nje ya kioo unajitafutia makosa.

Tatu, kata eneo katikati. Chora mstari mmoja wa muda unaokatiza ukuta huo, ujaze nusu ya kushoto, kisha ya kulia. Nusu itakayokataa ndiyo yenye mwanya. Igawe tena. Hata ukuta mrefu namna gani utaupata mwanya haraka kuliko kukagua kona moja moja.

Na kabla ya yote hayo nina swali: ukizima leya ya milango, kuta zako zinabaki zimefungwa pale penye mlango?

Chipukizi_wa_Ramani

Dah. Hapana. Ule mstari mfupi wa mwisho wa ukuta uko ndani ya bloku ya mlango, yaani mchoro wa mlango uliofungwa kuwa kitu kimoja. Nikizima milango, ukuta unabaki wazi kama bomba.

Rula45

Basi umeshapata jibu la sebule. Funga kila mwisho wa ukuta kwa mstari wake, kwenye leya ya kuta. Bloku ya mlango ibaki na ubao na tao la kufungukia tu. Utaratibu huu unakuokoa pia siku mteja akisema mlango usogezwe: unasogeza mlango na miisho ya ukuta, na hachi yenyewe inajirekebisha kama uliiacha ikiwa imefungamana na mpaka wake, yaani HPASSOC iko 1.

Upande wa jiko, bofya kila mstari uangalie Z yake, yaani kimo chake, ya kuanzia na ya kuishia. Mchoro ukishapita kwa watu wengi, mara nyingi mstari mmoja unakuwa umepanda juu ya wenzake, na ukitazama kutoka juu huwezi kujua. Andika FLATTEN, chagua kuta zote, Enter, zilale usawa mmoja. Kisha OVERKILL kuondoa mistari iliyolaliana.

Mzee_wa_Ubao

Vijana mnanifurahisha. Sisi tulioanza na ubao, rula ya T na kalamu za Rotring, hachi ilikuwa ni kusogeza pembetatu ya nyuzi 45 kidogo kidogo na kuomba wino usimwagike. Hakuna aliyetuambia mpaka haujafungwa, ila ukipitisha mstari nje ya ukuta unachukua wembe unakwangua karatasi.

AutoCAD yenyewe ilitoka 1982, na miaka kumi ya kwanza hachi yake haikuwa na huruma kuliko hii mnayoilalamikia. Ulichagua wewe mwenyewe kila mstari wa mpaka, na kila mstari ulitakiwa uwe umekatwa kona kwa kona. Uliopitiliza, hachi ilimwagikia nje. Kubofya ndani ya eneo na programu kujitafutia mpaka kulikuja na BHATCH kwenye Release 12, mwaka 1992. Kwa hiyo kijana unapobofya mara moja na kukuta viduara vyekundu vinakuelekeza kwenye kosa, shukuru kidogo kabla hujafuta programu.

Chipukizi_wa_Ramani

Shikamoo mzee, nimekuelewa 🙏 Kuta zote zimejaa. Z ilikuwa kweli, mstari mmoja wa jiko ulikuwa umeelea 3000 juu.

Juja_Drafter

Habari zenu wadau, mimi niko Juja, Kenya. Uzi huu umenifaa. Nina swali la sakafu. Nataka kuonyesha vigae vya 600 kwa 600 sebuleni, vipimo vya kweli, ili fundi aone atakata wapi. Nimetumia hachi ya miraba iitwayo NET nikaongeza skeli kwa kubahatisha hadi 189, lakini miraba haitoki 600 kamili.

Mama_Vipimo

Haitatoka. NET nayo imejengwa juu ya 3.175, kwa hiyo ungehitaji 600 gawanya kwa 3.175, ambayo ni 188.976 na desimali zinaendelea. Kwa 189 kila kigae kinazidi kidogo, na ukumbi mrefu utaona tofauti ukutani.

Achana na NET. Tumia hachi unayoipangia nafasi mwenyewe. Andika -HATCH, kistari kikiwa mwanzoni, kisha P, kisha U, pembe 0, nafasi 600, na ikikuuliza kama mistari ikatane jibu Y. Hapo unapata miraba ya 600 kamili bila skeli yoyote.

Sasa kitu ambacho wachoraji wengi wanakiruka: mahali miraba inapoanzia. Usipoigusa, gridi inaanzia kwenye sifuri ya mchoro, na kwenye chumba chako vigae vitakatwa pande zote nne. Weka HPORIGIN, yaani chanzo cha hachi, kwenye kona ya chumba kabla hujajaza. Tuseme sebule ni 4200 kwa 5100. Upande wa 4200 vinaingia vigae saba kamili, havikatwi. Upande wa 5100 vinaingia vinane na nusu. Hiyo nusu ndiyo unayoamua iende wapi: anzia mlangoni ili vigae vizima viwe vya kwanza kuonekana, nusu ijifiche chini ya kochi au kabati la ukuta wa mbali.

Na hesabu inajipa. Jedwali la sifa litasoma 21,420,000 kwa sababu ni milimita za mraba. Gawanya kwa milioni, ni mita za mraba 21.42. Kwenye gridi utahesabu vigae 56 vizima na nusu saba, yaani vinne zaidi vya kukata, jumla 60. Boksi la vigae vinne vya 600 lina mita za mraba 1.44. Ukiongeza asilimia 10 ya kuvunjika unanunua maboksi 17. Fundi akikuambia 22, muulize mengine anayapeleka wapi.

Juja_Drafter

Aki asante mama. Hiyo ya mwisho nitaitumia wiki hii hii.

Tofali_Sita

Na mwonekano wa mbele je? Nikitumia hachi ya tofali ya AR-BRSTD nyumba inaonekana imejengwa kwa tofali vidogo vya kuchoma. Sisi huku ni tofali za saruji za inchi sita, uso wake 450 kwa 230. Mteja ananiuliza hizo tofali nimezitoa wapi.

Rula45

Mteja ana haki. Hachi zote zinazoanza na AR zimepimwa kwa vitu halisi, na AR-BRSTD ni tofali la Kimarekani la inchi 8, kila mstari unapanda inchi mbili na kitu. Ndiyo maana hizo kwenye mchoro wa milimita unaanza na skeli 1, tofauti kabisa na ANSI31. Watu wakizipa 50 wanapata tofali moja kubwa kama nyumba.

Tengeneza yako, ni mistari mitatu. Fungua Notepad uandike:

*TOFALI450, Tofali za saruji 450x230 zimepishana
0, 0,0, 0,230
90, 0,0, 230,225, 230,-230

Mstari wa kwanza ni jina na maelezo. Wa pili unalaza mistari mirefu ya usawa kila baada ya 230, yaani kila kozi (safu ya tofali). Wa tatu ndio wenye kazi: unasimamisha vipande vya 230, unaruka 230, na kila safu ya wima inayofuata inasogea 225 pembeni na kupanda kozi moja. Hapo ndipo viungo vinapishana katikati ya tofali, kama fundi anavyopanga.

Baada ya mstari wa mwisho bonyeza Enter mara moja, pabaki mstari mtupu. Usipofanya hivyo AutoCAD inalikataa faili na haikuambii sababu ya maana. Jina la faili lifanane na jina la ndani: TOFALI450.pat, na liwe kwenye folda mojawapo ya zile programu inazotafutia mafaili yake ya usaidizi. Mchoro wako ukiwa wa mita, tumia skeli 0.001. Ukitaka kujumlisha na unene wa mota, ongeza kwenye namba hizo hizo: kozi iwe 245 badala ya 230, na kadhalika.

Tofali_Sita

Imekubali! Nimeweka HPORIGIN juu ya mkanda wa msingi, kozi zinaanzia pale pale. Sasa naweza hata kuhesabu kozi mpaka kwenye linta.

Darasa_la_Ufundi

Naomba niongeze kutoka upande wa mashine, maana hapa mmezungumzia nyumba tu. Kwenye mchoro wa mashine hachi ni sentensi, inasema "hapa nimekata". Mwongozo wa ISO 128, wa kimataifa wa michoro ya kiufundi, unataka mistari myembamba, kwa kawaida ya nyuzi 45. Vipande viwili vilivyogusana vinapokatwa pamoja, hachi zake zielekee tofauti au ziachane kwa nafasi tofauti, mtazamaji ajue pale pana vitu viwili. Kipande kile kile kikionekana sehemu mbili za mchoro, hachi yake isibadilike. Nawaambia wanafunzi wangu hilo kila muhula na kila muhula wanabadilisha.

Bolti, nati, shafti na mbavu hazitiwi hachi hata kama mstari wa kukata umepita katikati yake kwa urefu. Hapa AutoCAD haikusaidii hata kidogo: ukibofya ndani ya bolti itaijaza bila kuuliza. Bati jembamba unaweza kulipaka jeusi zima kwa SOLID, na mabati mawili yaliyolaliana unaacha mwanya mwembamba kati yao, usiopungua 0.7 mm. Ukibonyeza MIRROR kutengeneza nusu ya pili, angalia MIRRHATCH: ikiwa 0 mwelekeo wa hachi unabaki ule ule, ikiwa 1 unageuka, na kipande kimoja kitasomeka kama viwili.

Kalamu_Nne

Nami niulize basi, msinicheke. Hachi zote zimepotea kwenye faili moja. Ziko, maana nikichagua kwa dirisha zinahesabiwa, ila hazionekani.

Rula45

FILLMODE, swichi ya kuonyesha mijazo, iko 0. Iweke 1, kisha REGEN ili mchoro uonyeshwe upya.

Kalamu_Nne

Zimerudi. Mmh, haya.

Mpima_Kanda37

Nimesoma uzi wote na hakuna aliyegusa ugonjwa ninaouona kila wiki. Nawapa wasanifu mchoro wa kiwanja ukiwa kwenye kuratibu za UTM (namba za mahali halisi pa kiwanja kwenye ramani), mfumo wa Arc 1960, kanda 37 kusini. Kusini mwa ikweta tunahesabu kaskazini kuanzia 10,000,000 kwenye ikweta na kushuka, kwa hiyo bikoni (alama za mipaka ya viwanja) za Dar es Salaam ziko kwenye milioni 9.2 na ushee. Hizo ni mita. Msanifu anapanua mchoro mara 1000 ili aingize nyumba yake ya milimita, sasa yuko umbali wa bilioni tisa kutoka sifuri. Kisha analalamika hachi inatoka vipande vipande, mistari inacheza, mara haionekani kabisa.

Hachi inajengwa kuanzia kwenye chanzo chake. Ikianzia sifuri iliyo mbali kiasi hicho, desimali zinazobaki za kuiweka kwenye ukuta wa 150 hazitoshi. Haina uhusiano na mianya wala skeli, unaweza kufunga kona mpaka asubuhi.

Ushauri wangu: nyumba ichorwe kwenye faili lake, karibu na sifuri, kwa milimita. Faili langu la kiwanja liunganishwe kama rejea kwenye mchoro wa eneo la ujenzi tu. Mkilazimika kutia hachi ya nyasi au changarawe kwenye kiwanja chenyewe, wekeni HPORIGIN kwenye mojawapo ya bikoni kwanza. Tafadhali sana, msiusogeze mchoro wangu kwenye sifuri halafu mkanirudishia nikachomeke bikoni. Nyumba itaenda kwa jirani.

Mama_Vipimo

Hilo la kupanua mara 1000 nimelikuta zaidi ya ninavyotaka kusema. Na wakishatia hachi ya GRAVEL kiwanja kizima, kuploti PDF unaenda kupika chakula unarudi.

Rula45

GRAVEL, AR-CONC na AR-SAND zote ni nzito kwa sababu zimejaa vipande vidogo vidogo. Kwa zege kwenye eneo kubwa jaza ukanda mwembamba tu pembezoni, msomaji anaelewa. Na kuna jambo naomba lisifanyike: EXPLODE juu ya hachi. Hachi ikiwa nzima, faili linabeba mpaka wake na maelezo yake, mistari inatengenezwa wakati wa kuonyesha. Ukiivunja, kila kipande kinakuwa mstari wa kujitegemea ndani ya faili, na eneo la Mama_Vipimo limekwenda. Ukitaka kuikata, TRIM inafanya kazi juu ya hachi bila kuivunja.

Mwanafunzi_Mwaka1

Samahani wakuu, mimi sina AutoCAD, natumia LibreCAD kwa sababu ni ya bure na kompyuta yangu ni ya zamani. Nabofya ndani ya chumba hakuna kinachotokea. Haya mambo yananihusu?

Rula45

Yanakuhusu, tena zaidi. LibreCAD haikutafutii mpaka kwa kubofya ndani. Unachagua kwanza mistari yote inayozunguka eneo, ndipo unaita hachi na kuchagua aina, skeli na pembe. Kukiwa na nguzo au shimo ndani ambalo hutaki lijazwe, mzunguko wake nao uchague kwa pamoja na ule wa nje. Mistari isipofunga, hachi haitoki. Njia rahisi ni kuchora mpaka kama polilaini (mistari iliyoungana kuwa kitu kimoja) moja iliyofungwa, kwenye leya yake, juu ya kuta zako, ukautumia huo kwa hachi. Aina za hachi humo ni vifaili vidogo vya michoro vya DXF ndani ya folda ya patterns, kwa hiyo hata tofali za 450 unaweza kuzichora na kuzihifadhi humo.

Mwanafunzi_Mwaka1

Polilaini imekubali mara moja. Ila nguzo nayo imejaa.

Rula45

Hukuichagua pamoja na mpaka wa nje. Futa hachi, chagua vyote viwili, rudia.